Bata Waliopotea Barafuni

Nyumbani kwetu kuku walihesabiwa jioni. Mama alisimama mlangoni pa banda, akawaacha wapite mmoja mmoja, midomo yake ikicheza bila sauti. Nilipokuwa mdogo nilidhani anataka kujua wako wangapi. Kumbe idadi aliijua siku zote. Alichotaka ni kujua nani hajarudi. Na akishagundua kwamba aliyekosekana ni yule tetea mwekundu, alijua pia pa kwenda: nyuma ya choo cha jirani, kwenye majani, alikojificha anaatamia. Hesabu ile ilisimama juu ya mambo mawili, yaani kuikumbuka hesabu ya jana, na kumjua kila kuku anakopenda kwenda.

Nimemkumbuka mama nikisoma historia ya bata mmoja wa kaskazini ya mbali, ambaye wengi wetu hatutamwona maishani. Ni wa jamii ya bata wa baharini waitwao eida. Dume lake lina kichwa cha rangi ya kijani, na kuzunguka kila jicho ana duara jeupe lenye ukingo mweusi, kama babu aliyevaa miwani akisoma gazeti. Kwa sababu hiyo nitamwita bata miwani. Wanasayansi wa Ulaya walimwandika vitabuni mwaka 1847, Johann Friedrich von Brandt alipompa jina la kisayansi. Walijua anataga kwenye nyanda zenye majimaji za Alaska na Siberia. Walijua kwamba kiangazi kifupi cha huko kikiisha, anaondoka kuelekea baharini. Baada ya hapo hawakujua kitu. Bata huyu hukaa baharini miezi tisa au kumi kwa mwaka, na kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyeweza kusema anakaa wapi wakati wa baridi kali.

Unaweza kuuliza, kuna ubaya gani? Ndege ana siri zake, mwache. Jibu liko upande wa pili wa bara lile lile la Amerika. Pwani ya mashariki, kutoka Kanada kushuka mpaka New York, alikuwepo bata mwingine wa baharini aliyeitwa bata wa Labrador. Watu walimwona wakati wa baridi karibu na ufukwe, wakampiga risasi, wakamuuza sokoni, na nyama yake haikusifiwa sana. Wa mwisho ambaye habari zake zina uhakika alipigwa kwenye kisiwa cha Long Island mwaka 1875. Leo amebaki kama ngozi zilizojazwa pamba, dazeni chache tu, ndani ya makumbusho. Hakuna aliyewahi kuwahesabu bata hao walipokuwa hai, wala kuthibitisha walikuwa wakitaga wapi. Kwa hiyo hata leo, ukitaka kujua nini kiliwamaliza, huna pa kuanzia. Walikuwa wachache tangu mwanzo au walikuwa wengi wakapungua? Walipungua taratibu au ghafla? Banda liko tupu, na hakuna mtu aliyekuwa amesimama mlangoni.

Hesabu kubwa za bata Amerika ya Kaskazini zilianza kufanywa kwa mpangilio mwaka 1955. Kila mwaka, mwezi wa Mei, marubani wa serikali za Marekani na Kanada huruka chini chini juu ya mabwawa na nyanda, kwenye mistari ile ile, wakihesabu bata wa kila upande. Ni kazi ya kuheshimiwa, kwa sababu wamerudi kwenye mistari hiyo mwaka baada ya mwaka, na kurudi huko ndiko kunakoipa namba maana. Lakini mistari ilipangwa kwa ajili ya bata wanaowindwa zaidi, wale wa mabwawa ya nyanda za kilimo. Bata wa baharini hawakuingia vizuri kwenye ramani hiyo. Wengi hutaga kaskazini kupita mahali mistari inapoishia, au hufika kwenye viota wakati ndege ya wahesabuji imeshapita. Wako bata weusi wa baharini wa aina tatu ambao kutoka angani hufanana mno, na kwa miaka mingi waliandikwa kwa pamoja, aina tatu chini ya jina moja. Fikiria umehesabu kuku, bata na kanga ukaandika tu "ndege 30". Kesho ukipata 30 tena utasema mambo ni shwari, kumbe kanga wote wameliwa na kuku wameangua.

Kabla sijaendelea, lazima niseme kwamba kaskazini kule hakukuwa kutupu. Watu wa Yup'ik na Inupiat wameishi na bata hao kwa vizazi na vizazi, wakila nyama na mayai yao, wakitumia ngozi zao. Kwao, bata wa kwanza wa majira ya kuchipua ni kama mvua za kwanza kwetu: njaa ya msimu mrefu inakaribia kuisha. Sasa, mwaka 1916 Marekani na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, zilitia saini mkataba wa kuwalinda ndege wahamao. Lengo lilikuwa jema, maana wawindaji wa biashara walikuwa wamewafyeka ndege wengi mno. Ila mkataba ulifunga uwindaji kuanzia tarehe 10 Machi hadi tarehe 1 Septemba. Kusini tarehe hizo zina mantiki. Kule juu kwenye Aktiki, bata huja mwishoni mwa majira ya baridi, na Septemba ikifika wengi wameshaondoka au wako njiani. Yaani mtu aliruhusiwa kuwinda wakati hakuna cha kuwinda.

Kwa miaka mingi sheria hiyo ilibaki kwenye karatasi. Kisha mwaka 1961, katika mji wa Barrow, kaskazini kabisa ya Alaska, maofisa walianza kukamata watu. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa John Nusunginya, mbunge wa jimbo. Wanakijiji walifanya jambo ambalo nalipenda sana. Wanaume 138 walijitokeza mbele ya ofisa, kila mmoja na bata wake mkononi, wakasema: nasi pia tumevunja sheria, tukamateni. Ofisa angewapeleka wapi watu 138? Mashtaka yaliishia hapo. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 40, mpaka mwaka 2003, ndipo uwindaji wa majira ya kuchipua kwa ajili ya chakula ukaruhusiwa rasmi, tena baada ya mkataba wenyewe kurekebishwa.

Naileta habari hii kwa sababu inaeleza kitu kuhusu hesabu. Serikali iliyotunga sheria ilikuwa haijui vizuri bata wale wanaishi vipi, na watu waliojua hawakuulizwa. Wahesabuji walipoanza baadaye kuuliza maswali vijijini, waliwakuta watu ambao babu zao waliwahi kutishiwa jela kwa sababu ya kitoweo. Imani ya namna hiyo hairudi kwa msimu mmoja.

Turudi kwa bata miwani. Magharibi ya Alaska mito miwili mikubwa, Yukon na Kuskokwim, inamwaga maji yake baharini na kutengeneza delta pana mno. Aliyewahi kuiona Rufiji kutoka angani anaweza kuanza kupata picha, ila aondoe mikoko, aweke nyasi fupi, vidimbwi maelfu kwa maelfu, na ardhi iliyoganda chini yake. Hapo ndipo bata miwani wa Alaska walikotaga kwa wingi. Katika miaka ya 1970 watafiti walikadiria kwamba delta hiyo ilikuwa na jozi 48,000 hivi. Yalikuwa makadirio, si hesabu ya kichwa kwa kichwa: walihesabu viota kwenye maeneo machache, wakazidisha kwa ukubwa wa delta. Hata hivyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya jana, na bila hiyo kilichofuata kisingeonekana.

Mwaka 1992 walipopiga hesabu upya walipata jozi kama 1,700.

Soma tena namba hizo. Katika kila jozi mia moja, zilibaki jozi nne hivi. Kwa muda wa miaka 20, mtoto anazaliwa na kumaliza shule, ndege wa delta nzima walikuwa karibu wametoweka. Mwezi Mei 1993 serikali ya Marekani ikamwingiza bata miwani kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kisheria. Na swali lililosubiri tangu enzi za Brandt likawa la haraka: miezi ile tisa, wanaishi wapi? Huwezi kumtafuta tetea usiyejua anakoatamia.

Hapo ndipo setilaiti zilipoingia. Watafiti, Margaret Petersen akiwa miongoni mwao, waliwakamata bata kwenye viota na kuwawekea vifaa vidogo vya kutoa ishara, tena ndani ya mwili kwa upasuaji, kwa sababu ndege anayepiga mbizi kwenye maji ya barafu hawezi kubeba mzigo mgongoni. Kisha wakasubiri. Mwanzoni mwa mwaka 1995 ishara ilikuja kutoka mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingekwenda kumtafuta bata: katikati ya Bahari ya Bering, kusini ya kisiwa cha St. Lawrence, ndani ya eneo ambalo wakati huo hufunikwa na barafu.

Rubani na mtafiti Bill Larned akaruka na wenzake kwenda kuangalia. Chini yao barafu ilitanda mpaka upeo wa macho. Kisha, kwenye nyufa na vidimbwi vya maji yaliyobaki wazi, wakawaona. Bata miwani kwa maelfu, wamesongamana bega kwa bega hata maji yenyewe hayaonekani vizuri. Walipiga picha kutoka angani, na picha hizo zikahesabiwa ndege mmoja mmoja. Hesabu za miaka iliyofuata ziliwapa zaidi ya bata 360,000. Karibu bata miwani wote wa dunia nzima, wa Alaska na wa Siberia, walikuwa wakikutana kwenye sehemu moja ya bahari kila mwaka, na hakuna mwanasayansi aliyekuwa na habari.

Kwa nini hapo? Kwa sababu ya chakula. Chini ya barafu ile bahari ina kina cha mita 40 hadi 70, na kwenye tope la sakafu yake kuna kome wadogo kwa wingi. Bata huzama gizani mpaka chini, humeza kome pamoja na gamba lake, hupanda juu kupumua kwenye uwazi ule, kisha huzama tena. Uwazi ukiziba hawana pa kupumulia. Kome wakihama au wakipungua hawana pa kwenda.

Sasa tazama mtego uliokuwa kwenye namba ile. Mtu ambaye hakuwa na subira angeweza kusema: mlituambia bata wanaisha, kumbe wako laki tatu na nusu! Ondoeni sheria zenu. Na hesabu ingekuwa upande wake. Lakini hesabu za angani zilizofanywa kaskazini ya Siberia katika miaka hiyo hiyo ya 1990 zilionyesha kwamba walio wengi hutaga huko, kwenye delta za mito ya Urusi, zaidi ya laki moja. Urusi ilikuwa imefungwa kwa wahesabuji wa nje muda mrefu, na ilikuwa imefunguka tu baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika. Bata wa pale barafuni wengi wao walikuwa wa Siberia. Wale wa delta ya Yukon na Kuskokwim walikuwa bado wamekwisha. Na jike la bata hawa hurudi kutaga karibu na mahali alipozaliwa, kwa hiyo wingi wa Siberia haujazi pengo la Alaska kwa haraka. Ukiwahesabu wote kwenye mlango mmoja, banda linaonekana limejaa. Ukiuliza kila mmoja kwao wapi, unagundua nyumba moja imebaki na taa mbili tatu.

Ndiyo maana utafiti haukuhama delta. Watafiti walibaki kwenye vidimbwi vile, wakipima damu ya majike na kuwapiga picha za eksirei. Kwenye picha hizo walikuta vitone vyeupe ndani ya firigisi. Vilikuwa marisau, chembe za bunduki za kuwindia ndege. Sote tuliowahi kuchinja kuku tunaijua firigisi: ndege hana meno, humeza vijiwe, na firigisi husaga chakula kwa vijiwe hivyo. Bata anayetafuta chakula kwenye tope hawezi kutofautisha kijiwe na chembe ya risasi. Akiimeza, firigisi inaisaga, na sumu inaingia kwenye damu kidogo kidogo. Kiswahili chetu hapa kina ukatili wa ajabu, kwa sababu madini na kile kinachotoka kwenye bunduki tunaviita kwa jina moja, risasi. Bata huyu aliuawa na risasi ambayo haikumpiga.

Watafiti wakafanya hesabu ya aina nyingine, ya nani anarudi mwaka unaofuata. Kati ya majike 100 ambao damu yao haikuwa na risasi kabla mayai hayajaanguliwa, 78 hivi waliishi mwaka mzima. Kati ya wale waliokutwa nayo, waliishi 44. Kwa ndege anayechelewa kukomaa na anayetegemea kuishi miaka mingi ili alee vifaranga wachache, tofauti hiyo ni kifo cha ukoo. Marekani ilikuwa imepiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini tangu mwaka 1991, lakini chembe zilizokwisha kudondoka zilibaki. Vidimbwi vya delta ni vya kina kifupi na ardhi ya chini imeganda, hivyo hazizami upesi. Zinakaa pale pale mdomo wa bata unapofika, miaka kumi na zaidi. Wataalamu hawaitwishi risasi lawama yote. Wapo mbweha wanaokula mayai, na ipo bahari inayobadilika. Lakini risasi ni jambo ambalo binadamu aliliweka pale kwa mkono wake, na angeweza kuliacha. Mazungumzo vijijini, ya kubadili marisau na kuacha kumwinda bata huyu, yakawa sehemu ya kazi, na safari hii watu walizungumzwa nao badala ya kukamatwa. Katika miaka iliyofuata viota vya delta vilianza kuongezeka polepole.

Hadithi hii ina ndugu yake Ulaya. Katika Bahari ya Baltiki hukaa wakati wa baridi bata mkia mrefu, anayetaga mbali kwenye Aktiki ya Urusi na jirani zake. Mwaka 1992 na 1993, mara tu baada ya Estonia, Latvia na Lithuania kuwa huru, iliwezekana kuihesabu bahari hiyo kama bahari moja. Walipatikana bata mkia mrefu zaidi ya milioni nne. Nani angemhofia ndege wa milioni nne? Kuanzia 2007 hadi 2009 wakahesabu tena. Walikuwa milioni moja na nusu. Wavuvi na wakazi wa pwani moja moja walikuwa wameona mapungufu, ila kila mmoja angeweza kudhani wamehamia pwani ya jirani. Hesabu ya bahari nzima ndiyo iliyosema hapana, hawajahamia popote, hawapo. Mwaka 2012 aliingizwa kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini. Sababu zinazotajwa ni pamoja na nyavu ambamo hunasa na kuzama wakiwa wanapiga mbizi, na mafuta yanayomwagwa na meli.

Huku kwetu hatuna barafu, lakini kazi hii tunaifanya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila Januari watu wa kujitolea huamka alfajiri na kuzunguka Nakuru, Naivasha, Bogoria na maziwa mengine ya Kenya, darubini shingoni na daftari mkononi, wakiwahesabu ndege wa majini. Ni sehemu ya hesabu ya kimataifa iliyoanza Ulaya mwaka 1967. Mwezi huohuo wengine wanafanya hivyo Denmark na Lithuania. Miongoni mwa bata wanaowakuta Naivasha wako waliotoka Urusi na Ulaya kukimbia baridi. Mtu akisimama pale kwenye mafunzi anaweza kuona ni kazi isiyo na faida: namba zimeandikwa, chai imenywewa, watu wamerudi nyumbani. Faida yake huja mwaka wa ishirini, mtu mwingine anapofungua daftari na kuuliza, mbona hawa hawapo tena?

Mama yangu siku hizi hafugi kuku wengi, wamebaki sita. Bado anawahesabu. Nilimuuliza kwa nini, wakati sita unawaona kwa kutupa jicho. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anafunga mlango usiku. "Sasa wewe," akasema, "nisipohesabu, wa saba nitajuaje kama alikuwepo?"